Gemu Ambayo Shubiri Hakuimaliza

Wasomaji ndio waliompa jina la Shubiri, naye akalipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila Ijumaa gazeti la mtandaoni alilolifanyia kazi lilitoa safu yake ya kuhakiki gemu za video, na kila Ijumaa kuna watu walioianza siku kwa kuisoma hata kama nyumbani hawakuwa na mashine ya kuchezea. Walikuja kuona nani anachinjwa.

Gemu ya vita iliyongojewa miaka mitatu aliimaliza kwa sentensi mbili: "Nimeua watu mia nne na hakuna hata mmoja niliyemwona uso. Nadhani walioitengeneza nao hawakuwaona." Gemu ya mpira, ile inayotoka kila mwaka ikiwa na jalada jipya, aliiandikia kwamba safari hii jasho la wachezaji linang'aa zaidi, na kwamba hilo ndilo badiliko pekee alilofaulu kuligundua. Gemu ya kutisha ya hospitali iliyohamwa alisema itamfaa sana mtu anayeogopa milango. Ile ya kilimo ya kwenye simu, ya kupanda kabichi kisha ungoje saa sita iote au ulipe iote sasa hivi, aliiita foleni iliyopakwa rangi ya kijani. Na ile ya mashujaa na mapanga, ambayo matangazo yalisema dunia yake huwezi kuizunguka kwa mwezi, aliifananisha na ghala tupu. "Nimetembea saa nzima nikamkuta mtu mmoja. Alikuwa amepoteza mbuzi. Nilipompelekea mbuzi wake, alikuwa ameshampoteza mwingine."

Ambacho wasomaji hawakukijua ni kwamba Shubiri hakuwa akizimaliza gemu hizo. Alitega simu dakika tisini. Ikilia, aliweka pedi ya kuchezea chini hata kama shujaa wake yuko katikati ya ngazi, akafungua kompyuta, akaandika. Yaliyotokea mbele aliyapata kwa wachezaji waliojirekodi na kuweka video mtandaoni, na pale ambapo video haikuwepo, alikisia. Siku moja alimweleza mkewe kwamba mtu akionja mchuzi akaukuta umezidi chumvi, hana sababu ya kumaliza sufuria nzima ili ahakikishe. Mkewe, ambaye alikuwa mfamasia, alimjibu kwamba kazini kwake mtu akikisia anaishia mahakamani. Wakacheka, yakaisha.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, aliletewa gemu ndogo iitwayo Ghorofa Kumi na Mbili. Ilikuwa imetengenezwa na mke na mume katika chumba kimoja. Humo wewe ni mzee msimamizi wa jengo: unabadilisha taa, unaziba mabomba, unapeleka barua kwenye milango. Hakuna bunduki, hakuna pointi. Dakika tisini zilipokwisha Shubiri alikuwa ameziba mabomba manne. Akaandika: "Nimengoja kitu kitokee. Hakikutokea. Mwishoni mzee anazima taa za ngazi moja moja na kwenda kulala, na mimi nilikuwa nimeshamtangulia."

Yule mwanamke aliyeitengeneza aliandika chini ya makala, kwa adabu, kwamba wanashukuru kwa muda wake, na kwamba wanaomba tu aicheze mpaka mwisho. Ijumaa iliyofuata Shubiri alifungua safu kwa kusema hakujua kwamba siku hizi adhabu nazo huombwa kwa upole. Watu wakacheka mpaka wakaisambaza. Yule mwanamke hakuandika tena.

Kisha mama mkwe wake akateleza bafuni, akavunjika nyonga.

Alipotoka hospitali aliletwa kukaa kwao, na daktari akampiga marufuku kupanda wala kushuka ngazi kwa wiki nane. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, kwa hiyo mama yule alikuwa mfungwa wa sebule. Shubiri naye akawa mfungwa wa adabu. Siku zote alifanyia kazi sebuleni akiwa amevaa kaptula na fulana iliyopauka. Sasa asubuhi alivaa suruali na shati lenye kola, akatoa shikamoo, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Walikuwa na miaka kumi na moja ya ukwe, na hawakuwahi kuzungumza zaidi ya habari za safari na afya.

Mama mkwe alikuwa mstaafu wa kiwanda cha nguo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa vitambaa. Majora yalipita mbele yake juu ya meza ya kioo iliyowashwa taa kwa chini, na yeye, akiwa amesimama, aliyatazama yote mita kwa mita, akitafuta uzi uliokatika, doa la mafuta, rangi iliyoruka. Wafanyakazi walimwogopa kuliko meneja. Meneja unaweza kumbembeleza.

Siku mbili za kwanza alitazama tamthilia kwenye runinga, kisha akaomba izimwe. Alisema watu wa mle ndani wanaishi kwenye majumba makubwa yasiyo na jiko. Siku ya tatu aliinua fimbo yake akaielekeza kwenye rafu iliyojaa gemu.

"Hivi ndivyo vitu unavyovitukana kila Ijumaa, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niwekee kimoja. Nione kama vinastahili."

Shubiri aliweka ile ya vita, akiamini kwamba atachoka upesi. Akamwonyesha vitufe vya pedi, vya kutembea na vya kugeuza macho. Mama mkwe alikufa mara arobaini kabla hajajua kutembea na kutazama kwa wakati mmoja. Hakupiga kelele, hakucheka, hakuomba msaada. Kila baada ya chakula cha mchana alivaa miwani, akaweka daftari la mistari ya mraba kwenye mkono wa kiti, akaendelea pale alipoachia. Baada ya siku tisa alikuwa ameimaliza.

"Mbovu," alisema. Akafungua daftari. Katika sehemu ya tatu ya gemu, alieleza, kuna maiti ya askari iliyolala kando ya barabara, mfuko wake wa kushoto umechanika. Maiti hiyohiyo, na mfuko huohuo, iko pia sokoni, kwenye daraja na ndani ya kanisa. Wametengeneza maiti mmoja wakamlaza mahali panne, wakijua kwamba hakuna atakayemtazama mara mbili.

Shubiri hakuwa amemwona huyo askari hata mara moja.

Wiki zilizofuata mama mkwe alipita rafu nzima kama mtu anayepalilia. Katika gemu ya mpira aliwahesabu washangiliaji akakuta ni watu kumi na wanne tu, waliorudiwa uwanja mzima, mmoja wao akiwa na mkono mfupi kuliko mwenzake. Katika gemu ya kutisha aligundua kwamba yule mzuka anayetokea nyuma yako hutokea kila baada ya hatua sitini. Akawa anahesabu hatua kwa sauti ndogo, ikifika hamsini na tisa anasimama, anasubiri, anaendelea zake. Katika ile ya mashujaa alikwenda mpaka kwenye ncha ya ramani, akakuta mlima umechorwa upande mmoja tu, na upande wa pili hauna kitu. Akauandika mlima huo kwenye daftari kwa dharau iliyokuwa wazi hata kwenye mwandiko.

Shubiri alianza kwa kufurahishwa, akaishia kwa kuiba. Ijumaa moja aliandika juu ya maiti mwenye mfuko uliochanika kana kwamba ni yeye aliyemwona. Ijumaa iliyofuata akawaweka washangiliaji kumi na wanne. Wasomaji walipagawa. Mhariri wake, mwanamke asiyesifu kitu bila kutazama takwimu kwanza, alimwita mezani kwake akamwonyesha mchoro wa wasomaji ukipanda, akamwambia aongeze hayohayo. Nyumbani Shubiri hakumwambia mkewe, na mama mkwe, ambaye alisoma gazeti kwenye simu kila asubuhi kuanzia juu mpaka chini, hakusema neno.

Wiki ya saba, Alhamisi alasiri, mkewe akiwa kazini, Shubiri aliingia sebuleni na kikombe cha chai cha mama mkwe. Runinga ilikuwa imezimwa. Daftari lilikuwa limefungwa.

"Kaa, baba," alisema mama mkwe, na Shubiri akakaa. "Nimeimaliza hii ya jengo. Ghorofa Kumi na Mbili. Wewe ulipoimaliza, milango mingapi ilikufungukia?"

Shubiri alijibu kwamba ni zamani kidogo, ameshasahau idadi. Milango michache.

"Na taa? Alizizima?"

"Ndiyo, mama. Alizizima."

Mama mkwe alivua miwani. "Hazimi. Hawezi kuzizima. Umeme wa ngazi unakatwa saa ya nne ya gemu, jengo likiuzwa. Mzee anaambiwa ahame. Anapita ghorofa zote gizani na funguo za akiba za wapangaji, anabisha hodi kila mlango arudishe ufunguo. Uliyemtendea vizuri anafungua, mnazungumza. Uliyempuuza hafungui. Mimi mama wa ghorofa ya saba hakunifungulia, kwa sababu bomba lake nililiacha likivuja nikisema nitarudi. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu, baba. Kwenye gemu."

Shubiri alianza kueleza. Alisema kila wiki zinatoka gemu nyingi, kwamba gazeti halingoji, kwamba dakika tisini zinatosha kwa mtu mzoefu. Alijisikia akizungumza kama fundi aliyekutwa amejenga ukuta uliopinda.

"Sikukuuliza muda," alisema mama mkwe. "Miaka thelathini na moja nimekataa majora, mengine ya watu niliokula nao chakula cha mchana. Sijakataa jora ambalo sijalifungua. Hizi gemu zako ni takataka, nimekubaliana nawe karibu zote. Lakini mimi nimeziona. Wewe umebahatisha. Na hao wawili walikuambia ukweli, ukawafanya kichekesho."

Shubiri alimsogezea kikombe.

"Yule askari wa mfuko nimemsoma gazetini," aliongeza. "Huyo chukua, sina duka la maneno. Angalau yeye alionwa na mtu."

Akavaa miwani, akanywa chai yake.

Kama angepaza sauti, Shubiri angepata pa kushika. Na kama angekuwa mtu mwingine yeyote, angemjibu, kwa maana kujibu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Lakini mama mkwe hajibiwi. Alikwenda jikoni akaosha sufuria iliyokuwa safi, masikio yakimwaka, akiliambia sinki yote aliyoshindwa kuyasema sebuleni. Jioni mkewe alimuuliza kulikoni. Alimweleza kila kitu, na mwishoni akatarajia kidogo kuonewa huruma. Mkewe alisema anachoshangaa ni kwamba mama yake alisubiri wiki saba.

Kesho yake alikwenda ofisini mapema, akajifungia kwenye chumba kidogo cha mikutano chenye runinga, akaichukua Ghorofa Kumi na Mbili, na simu akaiacha kwenye koti. Alianza kwa hasira, na hasira ikamchezesha vibaya. Alipita milango mbio. Aliziba bomba moja akaacha matatu, barua alizisukuma chini ya milango isiyo ya wenyewe ili asipande ngazi. Alitaka kufika mwisho aone kwamba hakuna kitu, ili arudi nyumbani na la kusema. Ilimchukua siku nzima ya kazi.

Umeme wa ngazi ulipokatwa, mzee wake alianza ghorofa ya kumi na mbili. Akabisha. Kimya. Ya kumi na moja, kimya. Nyuma ya mlango ikasikika redio ikipunguzwa sauti. Ya tisa, mtu alikohoa. Ya saba, yule mama wa bomba, hata kivuli hakikuonekana. Funguo zilibaki mkononi mwa mzee zikigongana. Shubiri, mtu aliyekuwa ameua askari mia nne bila kukunja uso, aligundua kwamba amebana pumzi. Ghorofa ya pili mlango ulifunguka. Alikuwa kikongwe kiziwi ambaye Shubiri alikuwa amempelekea taa siku ya kwanza, tena kwa makosa, alipokuwa akitafuta mlango mwingine. Kikongwe alipokea ufunguo, akamshika mzee mkono, akasema hakuna mtu aliyewahi kubisha kwake mara mbili. Kisha mzee akashuka mpaka chini, akatoka nje.

Shubiri aliandika makala siku hiyohiyo. Alieleza kwamba mwaka uliopita alihukumu gemu ambayo hakuimaliza, kwamba ule mwisho aliusimulia kutoka kichwani mwake, na kwamba waliomwomba aimalize aliwadhihaki. Hakuipamba gemu. Alisema mabomba yake yanachosha, na kwamba rangi ya ngazi ni ya mtu aliyeishiwa rangi. Lakini alieleza jinsi alivyosimama mbele ya milango kumi na miwili na ukafunguka mmoja.

Mhariri aliisoma akiwa amesimama, akamwambia haitoki.

"Wasomaji wanakuja kuona unavyochinja," alisema. "Hakuna anayekuja kuona unavyoosha kisu." Akapendekeza mistari miwili ya masahihisho chini kabisa ya ile makala ya zamani, kwa herufi ndogo. Hata hivyo nani anamaliza gemu, aliuliza. Nani anamaliza hata makala?

Shubiri alimwambia kwamba isipotoka hii, haitatoka nyingine ya Ijumaa. Lilikuwa jambo la kwanza zito kulisema mbele ya mtu anayeweza kumjibu. Mhariri akaitoa Jumanne adhuhuri, mahali ambapo gazeti huweka habari za hali ya hewa.

Waliisoma wachache, na hao wachache walitosha. Ndani ya saa chache Shubiri alikuwa ameitwa Sukari, Asali, na Mkwe wa Watu, maana alikuwa ametaja kosa lake liligunduliwa na nani. Mtu mmoja alichimba makala za miaka minne akaorodhesha mwisho wa gemu sita aliousimulia ambao haupo popote. Orodha ilikuwa sahihi. Shubiri aliisoma yote, na katika kuisoma akaikuta namna yake mwenyewe ya kuandika: sentensi fupi, kisu chini, anayefuata. Hakuweza kulalamika.

Alimwandikia pia yule mwanamke wa Ghorofa Kumi na Mbili, akamtumia makala na ombi la radhi la mistari mitatu. Jibu lilikuja baada ya siku nne.

"Tumesoma," aliandika. "Kazi ya gemu tuliifunga mwezi wa tatu. Mume wangu anafundisha hesabu, mimi natengeneza programu za kupanga foleni za hospitali. Sina la kukuambia kuhusu radhi. Nina swali moja la kikazi. Milango mingapi ilikufungukia?"

Shubiri alijibu ukweli: mmoja. Kikongwe wa ghorofa ya pili.

Safari hii jibu lilikuja mara moja. "Taa yake iko kwenye njia ya kila mlango. Tulimweka yeye kwa ajili ya watu wanaokimbia. Mume wangu hakumtaka. Alisema watu kama nyie tuwaache watoke bila kufunguliwa."

Alilisoma jibu hilo sebuleni, mama mkwe akiwa mbele yake akijifunza kutembea kutoka kiti mpaka dirisha bila fimbo. Akampa simu. Mama mkwe alisoma, akairudisha, akasema mume yule alikuwa na haki, ila mke ndiye fundi.

Wiki ya tisa mama mkwe aliruhusiwa ngazi, akarudi kwake. Alikataa kuondoka na mashine ya gemu ingawa alipewa. Alisema ameona vya kutosha. Shubiri akarudi kwenye kaptula yake, lakini si kwenye dakika zake tisini. Akawa anamaliza. Makala nne za mwezi zikawa mbili, kisha moja. Mhariri alisubiri miezi miwili, akaichukua safu ya Ijumaa akampa kijana wa habari za michezo, mwenye ulimi mkali, ambaye alihakiki gemu saba katika wiki yake ya kwanza na kufikia wiki ya pili tayari alikuwa na jina la utani. Shubiri alibakiziwa nafasi ya mwisho wa mwezi, karibu na hali ya hewa.

Wengine walidhani amelainika. Hakulainika. Kabla ya hapo alizidharau gemu kama mtu anayedharau mtaa anaoupita kwenye gari. Sasa aliteremka, akatembea, akajua kila bomba lililopasuka liko wapi. Kati ya gemu tano alizozimaliza nusu hiyo ya mwaka, nne zilikuwa mbaya kuliko alivyowahi kuandika, na ya tano aliipa sifa moja ambayo watengenezaji wake hawakuielewa, kuhusu namna mtoto wa duka la mkate anavyofuta kaunta. Mkewe alimuuliza kama ana furaha. Alijibu kwamba amechoka sana.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amejikunja sebuleni saa nne asubuhi, daftari kwenye mkono wa kiti, akicheza gemu ya wafanyabiashara wa anga, saa sitini kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ambamo unasafiri sayari hadi sayari ukiuza madini kwa watu wenye sura moja. Nilimuuliza ikoje. Alikuwa kwenye saa ya ishirini na mbili, na bado ilikuwa mbovu.